Viti Kumi na Viwili Tusivyouza

Siku niliyorudisha kitambulisho changu cha uwanja wa ndege, wenzangu wa zamu walinipa keki, saa ya ukutani na daftari tupu. Keki tuliila pale pale. Saa nimeitundika, ingawa sina tena pa kuwahi. Daftari ndilo hili. Walisema, "Mzee Athmani, tuandikie. Lakini si habari za vyeo, tuandikie kazi."

Vyeo ni rahisi kuviacha. Vyangu vilikuwa vichache, na kimoja, kama mtakavyoona, hakikukaa. Kwa hiyo naandika kazi, na hasa naandika kwa nini ndege yetu ya Shelisheli ina viti kumi na viwili ambavyo kompyuta hukataa kuviuza msimu wa watalii. Najua mmoja wenu alidhani ni hitilafu ya mtambo, akaita fundi. Si hitilafu. Ni mimi.

Shule niliiacha darasa la saba. Sikufukuzwa. Niliona tu kwamba dirishani kulikuwa na mambo mengi kuliko ubaoni. Nikakata tikiti mlangoni mwa sinema, nikakwangua kutu kwenye meli bandarini, nikatengeneza redio katika kiduka cha Mji wa Kale ambacho wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri nje. Hakuna kazi niliyoifanya ikamaliza mwaka. Nikishajua kitu kinavyokwenda, miguu huanza kuwasha. Mama alipoulizwa mwanawe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Leo sijamuuliza."

Kazi iliyonifunza kupakia niliipata Mwembe Tayari, kwenye mabasi ya bara. Nilikuwa juu ya paa, napokea magunia, vitanda, mabafu ya bati na kuku. Msimamizi wetu alikuwa mtu mkali, mwenye sauti iliyokauka kwa vumbi. Siku moja abiria alinisihi niweke kabati lake nyuma kabisa, ili lishuke la kwanza. Nikaliweka. Msimamizi akapanda ngazi mwenyewe, akalivuta hadi katikati, akaniambia, "Gari halijui mzigo ni wa nani. Lajua uko wapi." Nilibeba maneno hayo miaka mingi, na kwa muda mrefu niliyaona kuwa ndiyo elimu yote inayohitajika.

Uwanja wa ndege niliingia msimu mmoja wapakizi walipopungua. Msimamizi wa wapakizi alikuwa Chengo, mtu wa Kaloleni, mfupi, mwenye mabega kama ya watu wawili. Hakuniuliza vyeti. Aliniuliza, "Kiuno chako kizima?" Nikamwambia kizima. Akasema, "Tutaona jioni."

Ambao hamjaingia tumboni mwa ndege iliyokaa juani tangu asubuhi, sina namna ya kuwaeleza. Huwezi kusimama. Unatembea kwa magoti, unasukuma masanduku kwa kichwa, na jasho laingia machoni huku mikono yote miwili ina kazi. Jioni ile Chengo alinikuta nimelala chali juu ya toroli. Akatikisa kichwa, akaniambia, "Kiuno ni kizima. Sasa tutafute akili."

Akili yake yeye ilikuwa mikononi. Alinyanyua begi mara moja, akaliacha lining'inie kidogo, akataja uzito. "Ishirini na tatu." Tukalipeleka kwenye mizani: ishirini na tatu. Wageni walidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Mizani ya kaunta siku zile ilikuwa ikidanganya kila mvua ikinyesha, na Chengo ndiye aliyekuwa akiisahihisha. Aliandika kwa chaki ubavuni mwa begi zito, ili anayelipokea ndani asije akaumia mgongo kwa kulidharau. Chaki ile, penseli na uzi wa kufungia lebo ndizo zilizokuwa zana zetu. Leo mna mashine zinazosoma mistari, na bado nimeona mtu akivunjika mgongo kwa kulidharau begi.

Kazi ile ilipaswa kunichosha kabla ya mwaka, kama nyingine. Iliyonizuia ni karatasi. Kila ndege kabla haijaondoka, mtu wa ofisini alikuwa akimpandishia rubani karatasi ya uzito, ile tunayoiita lodishiti, na rubani hakuwasha injini mpaka aitie sahihi. Nikataka kujua ina nini. Nakala zilizoharibika zilikuwa zikitupwa kwenye kapu, nami nikaanza kuziokota na kuzisoma nyumbani. Ina uzito wa ndege yenyewe, watu, mizigo, mafuta, na mwisho nukta moja unayoiweka kwenye mchoro. Nukta ikiangukia ndani ya mistari, ndege itaruka vizuri. Ikiangukia nje, rudi ukapange upya. Ilikuwa ni paa la basi la Mwembe Tayari, ila limeandikwa. Mama mmoja wa ofisini alinikuta na karatasi zake za kapuni, na badala ya kunishtaki akanipa rula. Baada ya miaka kadhaa kazi ya kuiandika karatasi ile ikawa yangu, na Chengo akawa ananipokea kwa saluti ya mzaha kila nikishuka kiwanjani: "Bwana Karatasi amekuja."

Sasa nieleze safari yenyewe, maana kuna wanaoiuza bila kuijua. Watalii wetu huanza na mbuga za wanyama, kisha hushuka pwani, wakatembea Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, halafu huruka kwenda Shelisheli kumalizia likizo. Ukiruka juu ya nchi kavu, uwanja ukifungwa na mvua mbele kuna mwingine. Huku ni maji matupu mpaka ufike. Na ukifika, ukakuta wingu limekaa juu ya kisiwa, hakuna uwanja wa jirani unaoweza kupokea ndege kubwa. Kwa hiyo ndege hubeba mafuta ya kwenda, na juu yake mafuta mengi ya kuzunguka hewani ikingojea wingu liondoke. Hubeba pia mashua za mpira za kuokolea watu, ambazo ndege za bara hazibebi. Hivi vyote ni uzito, na hakuna abiria anayeviona.

Tulianza safari ile kwa ndege kubwa, yenye njia mbili za kupita ndani. Ilikuwa starehe. Miezi ya mvua ndefu ungeweza kulala kwenye viti vitatu, na watu walilala. Mimi nikaanza kuhesabu. Kila Jumatano na kila Jumapili, kuanzia Aprili, niliandika daftarini idadi ya vichwa. Hakuna aliyenituma. Bwana Kilonzo, mkuu wa mipango kutoka makao makuu Nairobi, alipokuja kututembelea, nilimfuata hadi mlangoni mwa gari lake nikamfungulia daftari.

"Bwana Kilonzo, twabeba hewa," nikamwambia. "Ndege ndogo ingetosha watu hawa wote na nafasi ikabaki."

Aliligeuza daftari ukurasa kwa ukurasa. "Nani kakufundisha hesabu hizi?"

"Paa la basi."

Alicheka, akaondoka na daftari langu. Baada ya miezi michache ndege kubwa ikahamishiwa safari nyingine, ikaja ndogo ya njia moja. Nami nikapewa meza yenye droo ya kufungia. Nilitembea Mji wa Kale wiki ile kama mtu aliyejenga msikiti.

Mtu pekee ambaye hakunipongeza alikuwa Chengo. Aliizunguka ndege ile mpya, akachungulia tumboni, akarudi.

"Umehesabu vichwa," akasema.

"Naam."

"Na mikono?"

"Mikono gani?"

"Hivyo vichwa vina mikono, Athmani, na mikono imeshika vitu. Wewe umekaa humu tumboni miaka kumi. Umelisahau tumbo mara hii?"

Nilimjibu kwamba Nairobi wamepiga hesabu za mabegi, wana wataalamu. Na kweli walipiga. Walichukua uzito wa kawaida wa begi la mtalii anapowasili kutoka kwao. Wala sikuuliza zaidi. Nilikuwa na droo.

Miezi ya mvua ndege ndogo ilikwenda vizuri kabisa. Msimu ulipofika, ikajaa. Hapo ndipo nilipopata jirani wa kusafirisha.

Bi Mwanaisha tulikaa uchochoro mmoja, mlango wake ukitazamana na wangu, hata tukifungua kwa pamoja mtu hapiti. Mwanawe alikuwa mpishi wa hoteli Shelisheli, na huko akaposa binti wa familia ya Kimombasa iliyohamia zamani. Nikahi, kufunga ndoa kwenyewe, ilipangwa Ijumaa. Bi Mwanaisha alikuwa apeleke begi. Kwa msomaji wa bara: kwetu, upande wa bwana harusi hupeleka kwa bibi harusi begi la nguo, viatu, leso, manukato, udi na vipodozi, na siku ya kulipeleka wanawake hukusanyika, begi likafunguliwa mbele yao, kila kitu kikainuliwa juu kionekane, na vigelegele juu yake. Familia hupimwa kwa begi. Lake lilikuwa mabegi mawili makubwa, yamefungwa utepe mwekundu, na alikuwa amelijaza kwa miaka miwili, tangu kijana hajamjua binti.

Usiku wa kuamkia safari nilisikia vigelegele vya kulifunga. Asubuhi alinisimamisha mlangoni.

"Athmani, begi hili silitoi mkononi."

"Bi Mwanaisha, ni kubwa, haliingii ndani na abiria. Litapita chini na mengine. Mimi mwenyewe nitakuwepo."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akanitazama. "Basi namkabidhi Athmani, sikabidhi ndege."

Jumatano ile kila kiti kilikuwa na mtu. Yeye na ndugu zake walifika mwisho, kwa sababu kila nyumba waliyopita iliwatoa kwa dua na kikombe cha chai, kwa hiyo mabegi yao yakapakiwa mwisho, mlangoni pa tumbo. Kisha rubani akapokea habari za mvua kubwa juu ya kisiwa, akaomba mafuta zaidi. Ilikuwa haki yake. Mimi nikakaa na penseli yangu. Ndege, watu, mashua za mpira, mafuta, mabegi. Tulikuwa tumezidi, tena si kidogo. Mafuta hayapunguzwi. Watu walikwisha keti. Vilivyobaki ni mabegi.

Nikashuka mbio. Chengo alikuwa mlangoni mwa tumbo.

"Toa thelathini," nikamwambia.

"Yapi?"

"Ya mlangoni. Saa yakwenda."

"Hutaki kuyatazama?"

"Chengo, toa ya mlangoni!"

Akayatoa. Lodishiti ikatiwa sahihi, nukta ikakaa ndani ya mistari, ndege ikaondoka kwa wakati wake. Nilijisikia fundi. Kisha nikageuka kwenye toroli, nikauona utepe mwekundu.

Chengo alikuwa ameketi ukingoni mwa toroli, anajifuta jasho kwa kofia. Nilimwambia yale ya Mwembe Tayari, kwamba gari halijui mzigo ni wa nani. Sijui nilitaka anisaidie nini kwa maneno hayo.

"Ni kweli," akasema. "Ndege haijui. Lakini wewe ulijua."

Nilipiga simu kila mahali. Kupitia Nairobi lingefika Jumamosi. Ndege yetu iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nikahi ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa haikusogea.

Mji wa Kale habari haihitaji simu. Alhamisi jioni nilipopita barazani kwa muuza kahawa, mzee mmoja alikivuta kikombe chake kifuani. "Mashehe, shikeni vikombe vyenu wenyewe," akawaambia wenzake. "Huyu akikishika kitafika Jumapili." Wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Nami nikacheka, kwa sababu asiyecheka pale hubandikwa jina la utani maisha. Hata hivyo niliitwa. Kwa mwaka mzima nilikuwa Bwana Begi.

Haikuwa Jumatano moja tu. Msimu wote ule, ndege ikijaa, mabegi yalibaki. Watalii walilalamika, hoteli za kisiwani zikalalamika, na mwisho ikaja barua kutoka makao makuu. Walitaka maelezo ya maandishi, na kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika chanzo na jina la mhusika. Bwana Kilonzo akanipigia kabla sijaishika kalamu.

"Athmani, mimi na wewe tulileta ndege ile," akasema, kwa upole kabisa. "Haina kosa. Kosa ni upakiaji. Tumbo dogo lataka mpango mzuri, na yule msimamizi wenu ni mtu wa zamani. Andika hivyo. Amebakisha miezi michache astaafu, atapumzika mapema tu."

Kupumzika mapema, kwa wasioijua lugha ya ofisi, maana yake ni kufukuzwa, na doa kwenye faili mtu aondoke nalo baada ya maisha yake yote ya kazi. Nilikuwa na hadi Jumatatu. Nataka niwe mkweli kwenu: sikukataa kwenye simu. Nilisema, "Nimesikia." Fomu ile nikaitia kwenye droo yangu ya kufungia, na siku nzima nilipishana na Chengo bila kumtazama usoni.

Bi Mwanaisha, ambaye begi lilimfikia harusi imekwisha, naye akakaa kwa mwanawe msimu wote, alirudi Jumatano ya wiki hiyo. Nilimsikia akifungua mlango, nikafungua wangu, nikamsalimu. Akaitikia salamu yote, neno kwa neno, kama anavyosalimiwa mtu asiyejulikana. Kisha akakaa kwenye kizingiti chake, nami kwenye changu, magoti yetu karibu yagusane.

"Walinipokea kwa vigelegele, Athmani," akasema. "Vigelegele vile vyatafuta begi. Wanawake chumba kizima wameketi mikekani, wote wanitazama mikono."

"Ikawaje?"

"Nilivua."

"Ulivua nini?"

"Leso niliyojifunga. Na bangili za marehemu mamangu. Nikaomba sinia, nikaziweka. Nikawaambia begi laja, limekwama kwa mtu ninayemwamini."

"Wakacheka?"

"Hawakucheka. Afadhali wangecheka." Akajifunga ushungi vizuri. "Nasikia Nairobi wasema ni wapakizi."

"Ndivyo wasemavyo."

"Nawe wasemaje?"

Nikafuta vumbi kwenye kizingiti changu.

"Miye sikukabidhi mpakizi," akasema, akaingia ndani. Mlango hakuugonga. Aliurudisha polepole, nami nikaona bora angeugonga.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikaenda nayo Ngome ya Yesu. Kama nitaandika kwamba ndege si saizi ya safari hii, lazima nijue kwa nini, maana Nairobi hawapokei kilio, wapokea kilo. Nilimwendea muuza vinyago niliyemjua kwa sura, nikaomba kumpima kifaru wake wa mpingo.

"Wanunua ama wapima?" akauliza.

"Napima tu."

"Mzee, huyu ni kifaru, si jodari."

"Mtalii mmoja hununua vingapi?"

"Akitoka mbugani? Humnunua kila mnyama aliyemwona huko." Akacheka, akaanza kunitolea mwenyewe: tembo wa mpingo, bakuli za mawe ya Kisii, ubao wa bao, jozi ya twiga. Nilipima kila kitu. Mawe ya Kisii yalivuta ile mizani mpaka kulabu ikalia. Watu wakakusanyika, na kiongozi mmoja wa watalii akawaeleza wageni wake kwamba hii ni desturi ya kale ya Waswahili. Sikumkanusha.

Pale ndipo nilipoliona kosa, na lilikuwa langu kabla halijawa la mtu mwingine. Nairobi walipima begi la mtu anayekuja kutoka kwao, lina nguo nyepesi na kitabu. Safari yetu hubeba mtu aliyekwisha pita mbugani na sokoni. Na mimi nilihesabu watu miezi ya mvua, wakati hata wauza vinyago wenyewe wamefunga vibanda. Ndege kubwa ilimeza kifaru na tembo bila kusema neno, nasi tukadhani hawapo. Zile nafasi nilizoziita hewa hazikuwa hewa. Zilikuwa kifaru, na mvua ya kisiwani, na begi la bi harusi.

Nikarudi kiwanjani, nikamwonyesha Chengo fomu. Aliisoma mpaka kwenye nafasi ya jina la mhusika, akanirudishia.

"Utaandika nani?"

"Aliyehesabu vichwa akasahau mikono."

Akaenda kwenye toroli ya mabegi yaliyobaki Jumatano, yakingoja ndege ya Jumapili, akanyanyua begi moja, akaliacha lining'inie. "Thelathini na moja," akasema. "Andika. Na hili nalo andika." Tukapima toroli nzima, yeye kwa mkono na mimi kwa mizani, mpaka jua likashuka. Alikosea mara moja tu, tena akasema mizani ndiyo iliyokosea.

Niliandika kurasa mbili kwa mkono wangu wa darasa la saba. Chanzo: ndege ni ndogo kwa safari hii ikijaa msimu wa watalii, kwa sababu ya mafuta ya kungojea, mashua za mpira na vinyago. Mhusika: nikaandika jina langu, na la baba, na la babu, ili pasiwe na mashaka.

Bwana Kilonzo alishuka Mombasa mwenyewe. Hakufurahi, na sikumtarajia afurahi. Aliweka kurasa zangu mezani.

"Sasa wataka turudishe ile kubwa? Haipo, imekwisha hamishwa."

"Sitaki kubwa. Miezi ya mvua itabeba hewa kweli. Nataka hii hii ndogo, ila msimu ukifika tusiuze viti kumi na viwili."

"Athmani." Alivua miwani. "Ulinifuata kwenye gari langu kuniambia niondoe viti vitupu."

"Naam."

"Na sasa waniomba nivirudishe?"

"Naam. Ila hivi kumi na viwili nimevipima."

Alizitazama zile kilo muda mrefu, za Ngome ya Yesu na za toroli ya Chengo. Mtu wa hesabu akiziona hesabu hawezi kuzikimbia, hata akitaka. Viti vikafungwa msimu uliofuata. Meza yenye droo ilikwenda kwa mwingine, nami nikarudi kiwanjani na penseli yangu, na hapo habari ya vyeo imekwisha. Chengo alistaafu kwa wakati wake, kwa sherehe, mbele ya wapakizi wote. Alipofika langoni alinipa chaki yake. "Bwana Begi," akasema, "usiwe Bwana Karatasi tena."

Tangu hapo, kila mkuu mpya wa mipango hukiona kitu kile kile: viti kumi na viwili, kila safari ya msimu, havina mtu. Hukasirika. Hushika simu. Mwaka huu pia yupo mmoja, kijana mwenye adabu na kompyuta nzuri, na mimi sipo tena kuipokea simu yake. Ndiyo maana mmeandikiwa nyinyi. Akipiga, msimwambie ni utaratibu wa zamani, maana utaratibu wa zamani hufutwa. Shukeni naye chini. Mwonyesheni toroli. Mpeni begi moja alinyanyue.

Shirika humpa mstaafu tikiti moja. Miaka yote ile niliituma ndege juu ya maji, sikuwahi kuyavuka. Nikachagua Shelisheli, Jumatano ya msimu. Nilipopanda nikakuta dirisha ni langu, kiti cha kati hakina mtu, na cha njiani ameketi Bi Mwanaisha, anakwenda kuwaona wajukuu. Begi lake la mkononi alikuwa amelipakata kwa mikono miwili.

Tulisalimiana. Baadaye akakielekezea kidevu kiti cha kati.

"Hapa pana mtu?"

"Hapana mtu, Bi Mwanaisha. Hapo hapauzwi. Weka begi lako upumzike, mpaka waje kuliinua juu."

Alinitazama. "Na likibaki?"

"Likibaki, nabaki nalo."

Aliliweka begi kitini, akaliegemeza vizuri, akavuta mkanda, akalifunga.